Kumalizia Sindano za Masaa Ukiwa Nyumbani: Mwongozo Kamili kwa Mgonjwa na Anayemuuguza, Dar es Salaam

Mgonjwa anaruhusiwa Ijumaa mchana na kanula (mrija mdogo wa plastiki ulio ndani ya mshipa) mkononi. Anaambiwa akamalizie sindano za masaa, yaani antibiotiki zinazochomwa kwa saa zilizopangwa, zahanati ya jirani. Jumamosi anachomwa. Jumapili nesi wa zamu anakataa kuchoma kwa sababu karatasi haisomeki. Jumatatu mkono umevimba, kanula inatolewa, na mshipa mwingine haupatikani. Jumanne homa imerudi na familia inasema dawa haifanyi kazi.

Dawa haina kosa hapo. Kilichokosekana ni mpango, na mpango huu hufanywa wodini kabla mgonjwa hajavaa viatu vya kuondokea. Ukishafika nyumbani umeshachelewa.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima aliyeanzishiwa antibiotiki za mshipa hospitalini kwa maambukizi makubwa, kama ya figo, mifupa, mguu wa kisukari, ngozi na nyama za ndani au mapafu, na daktari ameridhia amalizie dozi nje ya wodi. Watoto wachanga hawamo humu, kwani dozi na hatari zao ni tofauti kabisa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kutoka

Karatasi ya ruhusa iliyokamilika. Iwe na jina la ugonjwa, jina kamili la dawa, dozi kwa gramu au miligramu, inatolewa kila baada ya saa ngapi, njia ya kuitoa (mshipa au msuli), tarehe ya dozi ya kwanza na tarehe ya dozi ya mwisho. Mzio uandikwe pia, hata kama ni neno "hana" tu.

Nakala za majibu ya vipimo. Zile za lazima ni FBP (kipimo cha chembe za damu), kreatinini (kipimo cha figo) na majibu ya kuotesha vijidudu kama kipimo kilichukuliwa. Majibu ya kuotesha huchukua siku kadhaa, kwa hiyo uliza yatatoka lini na nani atayafuata.

Dawa na vya kuchanganyia. Beba dozi za siku tatu kwenda mbele, pamoja na maji maalumu ya kuchanganyia sindano na maji ya chumvi ya 0.9%.

Vifaa vya kila dozi. Mabomba matatu ya ml 10, sindano mpya za kuvutia dawa, pamba za spiriti na glavu. Ongeza kanula mbili za akiba (ya pinki, namba 20, na ya bluu, namba 22), plasta na chachi safi.

Kipimajoto, daftari na namba ya simu. Namba iwe ya wodi au ya daktari anayejua faili la mgonjwa, siyo ya mapokezi.

## Hatua ya 1: Hakikisha mgonjwa anafaa kutoka

Anayefaa ni yule ambaye homa imeshuka au inashuka kwa uwazi, presha imetulia, anakula, anakunywa na akili yake iko sawa. Nyumbani awe na mtu mzima wa kukaa naye usiku. Awe na uwezo wa kufika kituo chenye daktari ndani ya muda mfupi, hata saa 8 usiku.

Asiyefaa ni anayetapika kila kitu, anayechanganyikiwa, anayehema kwa shida, au aliye na usaha ambao haujatolewa. Hili la usaha tulisisitize. Jipu la ndani au mguu wa kisukari wenye nyama iliyooza hauponi kwa sindano peke yake, kwa kuwa dawa haiwezi kupenya vizuri mahali ambapo damu haifiki. Kama daktari alizungumzia kupasua au kusafisha kidonda, hilo litangulie, ndipo ruhusa ifuate.

## Hatua ya 2: Uliza kama vidonge vingetosha

Watu wengi hapa wanaamini sindano ina nguvu kuliko kidonge. Si kweli kila mara. Utafiti mkubwa wa Uingereza uitwao OVIVA, uliochapishwa mwaka 2019 na kuhusisha wagonjwa zaidi ya 1,000 wa maambukizi ya mifupa na viungo, ulionyesha kuwa waliohamishiwa vidonge mapema hawakufanya vibaya kuliko walioendelea na mshipa.

Kwa hiyo baada ya siku mbili au tatu za nafuu, muulize daktari hivi: "Kuna kidonge kinachoweza kumalizia dozi hii?" Jibu likiwa ndiyo, umeepuka kanula, nauli na hatari ya mshipa kuingia vijidudu. Likiwa hapana, omba sababu iandikwe. Huenda kijidudu kilichooteshwa kinakataa vidonge vyote, tumbo halifyonzi dawa, au maambukizi yako kwenye valvu za moyo au ubongo.

## Hatua ya 3: Linganisha ratiba ya dawa na maisha ya nyumbani

Kinachoamua ni saa. Dawa ya mara moja kwa siku inawezekana nje ya wodi. Ya mara mbili inawezekana kwa taabu. Ya kila saa 6 au 8 haiwezekani kwa mtu anayetegemea zahanati na daladala.

Seftriaksoni ndiyo inayotumika zaidi kwa sababu hukaa mwilini muda mrefu. Dozi ya kawaida kwa mtu mzima ni gramu 1 hadi 2, mara moja kila saa 24. Homa ya uti wa mgongo ni habari nyingine: huko hutolewa gramu 2 kila saa 12, na mwanzoni mgonjwa hakai nyumbani.

Jentamisini nayo inaweza kutolewa mara moja kwa siku kwa kupigiwa hesabu ya uzito, lakini huumiza figo na masikio, kwa hiyo haiendi bila kipimo cha kreatinini. Vankomaisini lazima ipitishwe polepole kwa dripu, gramu 1 kwa dakika 60 au zaidi. Ikikimbizwa, mwili huwa mwekundu, huwasha na presha hushuka. Meropenemu hutolewa mara tatu kwa siku, na penisilini ya maji kila saa 4 hadi 6. Ukiandikiwa hizi mbili ukazimalizie nje, rudi kwa daktari muulizane upya.

## Hatua ya 4: Tafuta kituo kabla ya kutoka wodini

Hapa ndipo wengi wanakwama, kwa hiyo tuende taratibu.

Mtume ndugu mmoja akakague. Aende mwenyewe kituoni, asipige simu tu, na aulize maswali haya:

- Mnachoma Jumapili na sikukuu? Kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi?
- Mnapokea dawa ambayo mgonjwa amekuja nayo, au lazima anunue hapo?
- Kuna nesi anayeweza kuweka kanula mpya, ya zamani ikiharibika?
- Mna adrenalini leo, kabatini, isiyopitwa na muda?
- Gharama ya kila sindano ni kiasi gani, na kanula ni kiasi gani?

Swali la adrenalini ndilo la kukatia shauri. Mzio mkali unaweza kuziba koo ndani ya dakika chache, na dawa yake ya kwanza ni adrenalini ya msuli pajani: kwa mtu mzima ni nusu mililita ya ile ya 1:1000. Hidrokotisoni, dawa nyingine inayotumika kwa mzio, haichukui nafasi yake. Kituo kisicho na adrenalini kisimchome mgonjwa wako.

Chagua kituo cha upande wako wa maji na wa barabara. Mtu wa Kigamboni asipangiwe kuvuka kivuko kila asubuhi kwa dozi ya dakika tano. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, Jangwani hujaa maji na njia ya kutoka Magomeni kwenda Upanga huweza kufungwa. Kama unatibiwa Muhimbili, kliniki iwe ya Muhimbili, lakini sindano za kila siku zichomwe kituo cha afya cha karibu. Amana, Mwananyamala na Temeke ni hospitali za rufaa za mkoa zenye huduma usiku na mchana. Iliyo upande wako iwe akiba ya dharura hata kama hutachomea hapo.

Kama una bima, ulizia kama kituo hicho kinakubali kadi yako kwa huduma ya sindano, na kama dawa iliyoandikwa imo. Fanya hivyo siku za kazi.

Duka la dawa si mahali pa kuchomea. Hata kama muuzaji ni jirani mwema na anajua kuchoma, hana kitanda, hana oksijeni, na mgonjwa akianguka hakuna wa kumsaidia.

Nesi wa kuja nyumbani anafaa kwa mgonjwa asiyeweza kutembea. Awe na leseni, aje na adrenalini, na asichome dozi ya kwanza ya dawa yoyote mpya nyumbani. Dozi ya kwanza hutolewa hospitalini, na mgonjwa hukaa chini ya macho ya wahudumu kwa nusu saa.

Utajua hatua hii imekamilika pale unapoweza kutaja, bila kusitasita, nani atachoma dozi ya Jumapili, wapi na saa ngapi.

## Hatua ya 5: Soma saa vizuri

Karatasi ikiandika "08:00" maana yake ni saa 2 asubuhi, siyo saa 8 mchana. "20:00" ni saa 2 usiku. Kosa hili hutokea sana, na likitokea dozi huchelewa saa sita. Mwombe nesi aandike kwa maneno: "saa mbili asubuhi".

"BD" ni kila baada ya saa 12. Haimaanishi asubuhi na mchana. Hakiki pia hesabu ya vichupa: dozi ya gramu 2 ni vichupa viwili vya gramu 1, na wapo wanaochomwa kimoja kwa siku zote kwa sababu hakuna aliyehesabu.

## Hatua ya 6: Tunza kanula

Kanula ya kawaida ya mkononi haikai muda mrefu. Vituo vingi huibadilisha baada ya siku tatu hadi nne, na mara moja ikionyesha dalili mbaya. Kwa tiba ya wiki kadhaa, muulize daktari kuhusu mrija mrefu unaowekwa mkono wa juu. Upatikanaji wake hutofautiana, lakini swali halina gharama.

Omba iwekwe kwenye mkono usiotumika sana, mbali na kiwiko na kifundo. Kwenye kiwiko mrija hupinda kila mgonjwa akikunja mkono.

Joto la Dar ni adui wa plasta. Jasho huilegeza, kanula hucheza ndani ya mshipa, na mshipa huvimba. Chachi ikilowa au kuchafuka ibadilishwe siku hiyo hiyo. Wakati wa kuoga, funga mkono kwa mfuko safi wa plastiki, nje ya maji ya ndoo.

Kila asubuhi na jioni, angalia kwenye mwanga: wekundu, uvimbe, joto, mshipa mgumu kama kamba, usaha au maji yanayovuja. Moja tu kati ya hayo linatosha kuitoa. Msikubaliane na kauli ya "ibaki mpaka dozi iishe".

Kama mishipa imekwisha, seftriaksoni inaweza kuchomwa kwenye msuli, lakini daktari ndiye aidhinishe. Isizidi gramu 1 sehemu moja. Gramu 2 hugawanywa matako mawili.

## Hatua ya 7: Siku ya sindano

Anayechoma ni mhudumu aliyesomea. Kazi yako wewe ndugu ni kuwa jicho la pili. Muulize kwa heshima, "Sista, naomba tuhakiki pamoja," na wengi watafurahi.

7.1 Hakiki kichupa. Jina, gramu, tarehe ya mwisho wa matumizi, kifuniko kisichoguswa. Dawa isikae juu ya friji, ndani ya gari au jikoni. Fuata nyuzi joto zilizoandikwa kwenye boksi.

7.2 Hakiki cha kuchanganyia. Hapa pana hatari ya kifo. Baadhi ya maboksi ya seftriaksoni huja na lidokeini ndani, kwa ajili ya sindano ya msuli, ili kupunguza maumivu. Dawa iliyochanganywa na lidokeini haiingii kwenye mshipa hata kidogo. Inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Kwa mshipa ni maji ya kuchanganyia sindano, ml 10 kwa kila gramu 1. Soma maandishi ya kichupa kidogo cha maji kabla hakijavunjwa, kwa sababu cha maji na cha lidokeini vinafanana.

7.3 Changanya. Kichupa kitikiswe hadi unga wote uyeyuke. Maji huwa ya njano hafifu, wakati mwingine njano iliyokolea kidogo, na hiyo ni kawaida. Chembe au utando si kawaida, tupa. Ichanganywe pale pale inapotumika. Usitoke na dawa iliyochanganywa nyumbani ukaipeleka kituoni kwenye joto.

7.4 Safisha na jaribu kanula. Mikono ioshwe kwa sabuni. Mdomo wa kanula usuguliwe kwa pamba ya spiriti kwa sekunde 15 na uachwe ukauke. Kisha ml 5 hadi 10 za maji ya chumvi zisukumwe kwa bomba la ml 10. Bomba dogo hutoa msukumo mkali unaoweza kupasua mshipa. Maji yakipita bila maumivu wala uvimbe, kanula ni nzima. Yakigoma yasilazimishwe, kuna damu iliyoganda, au mrija umetoka kwenye mshipa.

7.5 Toa dawa polepole. Seftriaksoni gramu 1 isukumwe kwa dakika 2 hadi 4, kwa kuangalia saa. Gramu 2 ni bora ipitishwe kwa dripu ya nusu saa. Wahudumu wenye foleni ndefu husukuma kwa sekunde kumi. Mwombe taratibu asikimbize. Mshipa huungua na hautafika kesho.

7.6 Isikutane na dripu ya Ringa. Ringa lakteti ina kalsiamu, na kalsiamu ikikutana na seftriaksoni hufanya chembechembe ngumu. Kama mgonjwa ana dripu hiyo, isimamishwe, mrija usafishwe kwa maji ya chumvi, ndipo dawa iingie.

7.7 Malizia kwa maji ya chumvi, ml 5 hadi 10, ili dawa yote ifike na kanula isizibe.

7.8 Kaa hapo. Baada ya dozi za mwanzo kituoni, nusu saa. Baadaye angalau dakika 15.

7.9 Andika daftarini. Tarehe, saa, dozi, hali ya kanula, jina la aliyechoma, joto la mwili. Daftari hili ndilo litakalomwambia daktari ukweli siku ya kliniki.

Sindano zilizotumika ziingie kwenye kisanduku cha usalama cha kituo. Kama zilitumika nyumbani, ziweke kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko na uzirudishe kituoni. Kwenye mfuko wa taka zitamchoma mtoto au kijana anayezoa.

## Dozi ikikosekana

Ichomwe mara tu inapowezekana, na dozi zinazofuata zihesabiwe kuanzia hapo. Isichomwe mara mbili kwa pamoja. Ikikosekana zaidi ya moja, mpigie daktari siku hiyo hiyo, asije akapanga mwisho wa tiba kwa hesabu ambayo si ya kweli.

## Hatua ya 8: Vipimo vya njiani

Tiba ikipita wiki moja, FBP na kreatinini hupimwa angalau kila wiki, pamoja na vipimo vya ini. Kwa jentamisini, figo hupimwa mara mbili kwa wiki. Anayetumia wafarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) amweleze daktari, kwani seftriaksoni inaweza kuongeza nguvu yake na kuleta kutokwa damu.

Wenye selimundu wanastahili jicho la ziada. Ni nadra, lakini seftriaksoni imewahi kuwasababishia kuvunjika kwa damu kwa kasi. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, mgonjwa akapauka au macho yakawa ya njano, acha dawa na ukimbilie hospitali usiku huo huo.

Homa ikirudi katikati ya tiba, omba pia kipimo cha malaria. Hapa Dar mtu anaweza kuwa na yote mawili.

## Hatua ya 9: Dalili za kukimbia hospitali

Nenda moja kwa moja, usisubiri dozi ya kesho:

- Midomo au uso kuvimba, kifua kubana, vipele vya ghafla mwili mzima, kuzirai.
- Kutetemeka kwa baridi kali mara tu baada ya dawa au maji kupita kwenye kanula. Huenda mrija wenyewe umeingia vijidudu.
- Homa ya nyuzi 38 au zaidi baada ya siku zilizokuwa tulivu.
- Kuharisha majimaji mara tatu au zaidi kwa siku, hasa kukiwa na damu. Antibiotiki zenyewe zinaweza kusababisha hali hii. Usinywe dawa ya kufunga tumbo bila kumwona daktari.
- Masikio kuvuma, kizunguzungu au mkojo kupungua kwa anayetumia jentamisini.

Kama ni mzio, mgonjwa alazwe chali miguu ikiwa juu, au akae kama anahema kwa shida. Asisimamishwe kwenda kwenye bodaboda.

## Hatua ya 10: Kufunga tiba

Homa kuisha si mwisho wa dawa. Maambukizi ya figo mara nyingi huhitaji siku 7 hadi 14, na ya mifupa takriban wiki sita, yakijumuisha vidonge. Tarehe ya mwisho ni ile iliyo kwenye karatasi. Ikibadilishwa, daktari ndiye aibadilishe, kwa maandishi.

Siku ya dozi ya mwisho kanula itoke pale pale. Nesi abane kwa pamba dakika mbili au tatu na aangalie kama mrija umetoka mzima. Mshipa uliobaki na uvimbe mdogo hupoa kwa siku chache. Ukizidi kuwa mwekundu, rudi.

Panga kliniki ndani ya wiki moja au mbili, uende na daftari na majibu yote. Vichupa vilivyobaki vipeleke kwa mfamasia wa hospitali, visiende kwa jirani mwenye kikohozi.